Kwa nini siachani na komando, na namna ya kumwandika hadi apendwe

Wasomaji wangu huniuliza swali moja kila ninapomaliza hadithi: dada, mwanaume wako ni mwanajeshi tena? Wengine huomba safari hii awe daktari, au mfanyabiashara wa Kariakoo, au dereva wa malori ya Tunduma. Wote hao wanapendeka. Ila mimi narudi kwa komando, na mwakani nitarudi kwake tena. Nitaeleza sababu, halafu nitakupa yale ninayoyafuata ninapomwandika, ili wewe unayeanza usichukue mtu wa filamu ukamvika kombati ya JWTZ, jeshi letu la Tanzania.

Watu hudhani sababu ni misuli. Ipo, siikatai. Kama umewahi kukaa Uwanja wa Uhuru siku ya gwaride la tarehe 9 Desemba makomando wakaingia, unajua uwanja unavyokuwa. Wanapigana mikono mitupu, wanapasua matofali, na kina mama wenye watoto mgongoni wanasimama juu ya viti waone vizuri. Lakini mtu anayepasua tofali anakupa kurasa mbili tu za hadithi. Baada ya hapo lazima aende nyumbani, avue buti, akae na mwanamke anayempenda. Unaandika nini hapo?

Kinachonirudisha ni hiki. Kila anayependa ana swali moja analoogopa kuliuliza: utarudi? Mke wa mwalimu analo, mke wa bodaboda analo, lakini siku nyingi swali hilo limelala. Mke wa komando anaamka nalo na kula nalo. Na anayeulizwa hana mamlaka ya kujibu. Pengine hajui. Pengine anajua na amekatazwa kusema. Mwanaume anayeweza kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa usiku kucha, lakini hawezi kumwambia mkewe Jumatano atakuwa wapi: huyo ndiye ninayemwandika, na karibu kila ninachokuelekeza hapa kinatoka kwake.

Andika maandalizi, acha kuaga

Kazi hii nimejifunza zaidi saluni kuliko mahali pengine popote. Ukitaka kumjua mwanajeshi, kaa na wake zao wakati wanasukwa, maana saa nne za rasta hazina siri. Mama mmoja pale Mwenge, ambaye mumewe yuko kwenye kikosi nisichokitaja, alinieleza jinsi anavyojua mumewe anaondoka. Haambiwi kitu. Ila mchele wa Kyela unaingia ndani, gunia zima, na mwezi huo hakuna sherehe. Mtungi wa gesi ambao haujaisha unabadilishwa. Ada ya muhula mzima inalipwa shuleni kwa mara moja. Balbu ya nje iliyoungua siku nyingi inawekwa mpya. “Nikishaona balbu,” aliniambia, “namchemshia maji ya kuoga, basi. Simuulizi.” Msusi alisimamisha mikono. Sisi wengine tulinyamaza.

Hilo ndilo penzi la komando, na limeandikwa kwa mchele na gesi. Mwandishi anayeanza huandika hivi: “Naondoka kesho, mpenzi wangu, na huenda nisirudi,” alisema huku machozi yakimlengalenga. Sentensi hiyo inakuharibia mambo mawili. Kwanza, komando hasemi hivyo, kwa kuwa hana ruhusa, na hata angekuwa nayo asingeipenda. Pili, umemnyima msomaji kazi yake ya kugundua. Jaribu hivi:

Alikuwa juu ya stuli, balbu mpya mkononi, ile ya zamani ameitia mfukoni. Taa ya nje ilikuwa imekufa tangu Ramadhani.
“Leo ndiyo umeikumbuka?” Zuhura aliuliza akiwa mlangoni.
“Huku nje usiku kuna giza.”
“Giza lipo siku zote, Baba Nasri.”
Aliikaza balbu taratibu, akashuka, akawasha, akazima, akawasha tena. “Fundi wa bomba nimemlipa kabisa,” alisema. “Ukimwita atakuja. Usimpe hela nyingine.”
Zuhura aliitazama ile taa. “Chakula kipo tayari,” alisema. “Njoo tule.”

Hakuna aliyelia hapo, na hakuna aliyetaja safari. Msomaji aliyeolewa na mwanajeshi atafunga simu kwa dakika moja kabla ya kuendelea. Msomaji asiyejua chochote atahisi kuna jambo, atageuza ukurasa. Tafuta maandalizi ya mwanaume wako mwenyewe, yasifanane na haya yangu: labda anamfundisha mtoto kuendesha baiskeli kwa haraka isiyo ya kawaida, labda anakwenda Singida kumsalimia mama yake kisha anageuza siku hiyohiyo.

Cheo, umri na hela

Hapa hadithi nyingi hufa, na ni rahisi kuziokoa. Komando wa miaka 26 hawezi kuwa Kanali. Anayepitia Chuo cha Kijeshi Monduli anatoka na kamisheni akiwa Luteni Usu, halafu anapanda: Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, ndipo Kanali, na njia hiyo inakula miaka mingi ya maisha yake. Aliyeingia kama askari wa kawaida, akapita depo, yaani mafunzo ya kuingia uaskari, kule Kihangaiko, yeye anapanda ngazi nyingine, ya koplo na sajenti. Mimi nawapenda masajenti. Sajenti wa miaka 33 ameshaona mambo, ana vijana anaowajibika kwao, na bado anapokea amri. Hana raha ya ofisi wala uhuru wa raia. Ukitaka mwanaume anayevutwa pande zote, huyo hapo.

Hela vivyo hivyo. Mwondolee lile gari jeusi na jumba la Masaki. Mpe kiwanja Chanika chenye boma ambalo halijaezekwa. Akitoka misheni ya ulinzi wa amani na posho yake anaongeza kitu: safari hii mabati, safari ijayo grili za madirisha. Mwanamke anayepelekwa Jumapili kuonyeshwa boma lenye majani yaliyoota sebuleni, akaambiwa “hapa patakuwa jiko, wewe unataka dirisha liangalie wapi?”, ameshaposwa kabla ya barua ya posa kufika kwao.

Na barua yenyewe usiiruke. Askari haamki tu akaoa. Anaomba ruhusa kwa wakubwa wake kikosini. Kwa hiyo una milango miwili ya kubisha, kwa baba mkwe na kwa mkuu wa kikosi, na yote inaweza kuchelewa. Niliwahi kumfanya mshenga awe sajenti wake, mtu mzima mwenye mvi, anayeingia nyumbani kwa binti na “shikamoo mzee” ya heshima zote kisha hajui aseme nini, maana miaka yote amezoea kutoa amri. Sura hiyo niliiandika kwa furaha kuliko zote za kitabu kile.

Jambo la nguo linahitaji onyo. Kuna mandhari inayopendwa sana kwenye mapenzi ya nje: mwanamke anaamka asubuhi, anavaa shati la kijeshi la mpenzi wake, anatoka nalo nje. Huku kwetu usiiandike hivyo. Mavazi ya JWTZ hayavaliwi na raia. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha, na hapo hapakuwa na utani. Mwanaume wako akimpenda huyo mwanamke, atakuwa wa kwanza kumwambia avue. Mpe fulana ya mazoezi ya kawaida, au kanga aliyomletea. Ukitaka mvutano, mwache mwanamke aifue ile kombati kwa mikono, aianue kabla jua halijazama, aipige pasi, huku akijua pasi ile inampeleka mbali.

Chagua mwaka, kisha uuheshimu

Komando asiye na mwaka ni picha ya ukutani. Jiulize alikuwa wapi, lini. Tanzania ina historia ya kukutosha.

Ukitaka mapenzi ya wazee, nenda vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, na kufikia tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Jirani yangu mmoja, bibi ambaye mumewe alikwenda huko, alinipa kitu ambacho sikukiona kwenye kitabu chochote. Alisema Aprili mtaa mzima ulishangilia redioni, watu wakamkumbatia, wakamwambia vita vimekwisha, mumeo anarudi. Lakini majeshi yaliendelea kusonga kaskazini mwa Uganda hadi Juni, na mume wake alichelewa zaidi ya hapo. Miezi hiyo, kila mtu amekwisha kufurahi kwa niaba yake na yeye bado hana mtu kitandani. Alikuwa akipika chakula cha wawili, kisha anampelekea mama mkwe sahani ya pili ili isimtazame. Kati ya ushindi wa nchi na kurudi kwa mtu mmoja kuna riwaya nzima, na hakuna anayeiandika.

Ukitaka operesheni fupi, ipo Anjouan, Visiwa vya Komoro, Machi 2008, wanajeshi wa Tanzania walipokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoteremka kisiwani na kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa aliyekataa kuachia madaraka. Kwa mwandishi wa Pwani ni dhahabu: kisiwa chenye karafuu na ylang-ylang, Waislamu kwa Waislamu, lugha inayokaribiana na yetu.

Ukitaka ya karibu zaidi, ni Kongo. Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Machi 2013, liliunda brigedi maalumu yenye ruhusa ya kushambulia, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Kufikia Novemba mwaka huo waasi wa M23 walikuwa wamesambaratishwa. Halafu ikaja tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, eneo la Beni. Wanajeshi wetu 14 waliuawa usiku ule.

Kuhusu Semuliki nina sharti ambalo silivunji, na nakuomba nawe ulishike. Usimweke shujaa wako ndani ya kambi ile usiku ule akipiga risasi kishujaa. Watoto wa waliokufa wanasoma hadithi kwenye simu kama watoto wengine. Mweke Beni mjini akisubiri habari, au Dar es Salaam akitazama majeneza yakishushwa, akimtambua rafiki aliyekula naye depo. Huzuni hiyo unaweza kuiandika bila kunyang'anya kifo cha mtu.

Sharti la pili ni zito zaidi. Mlinzi wa amani hafanyi mapenzi na mwanamke aliye chini ya ulinzi wake. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa za tangu 2003, kubadilishana chakula, pesa au msaada kwa ngono ni marufuku kabisa, na uhusiano na watu wanaotegemea msaada unapingwa vikali hata ukiitwa mapenzi. Mwaka 2023 kikosi chetu kimoja kiliamriwa kuondoka Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa tuhuma za unyanyasaji wa aina hiyo. Kwa hiyo hadithi ya komando na binti mkimbizi aliyekuja kuomba biskuti kambini siiandiki, hata msomaji akiniomba kwa magoti. Njaa si mahali pa kuanzia penzi. Kama unampenda sana mwanamke wa Kikongo, kama ninavyompenda mimi, mfanye muuguzi wa hospitali ya Beni ambaye walisalimiana tu juu ya machela ya majeruhi, kisha wakutane miaka minne baadaye Kigoma, yeye na biashara yake, mwanaume na likizo yake, wote wawili wakiwa na uwezo wa kusema hapana. Na kabla hujamfungua mdomo, sikiliza watu wa Kivu wanavyozungumza Kiswahili chao. Usimpe Kiswahili cha Ilala.

Ukiandika upande wa Kenya, kumbuka kwamba Recce, kile kikosi cha makomando, ni ya GSU, yaani polisi, si KDF, yaani jeshi. Wasomaji wa Nairobi na Gilgil hawatakusamehe kosa hilo. Linda Nchi, operesheni ya jeshi la Kenya ndani ya Somalia, ilianza Oktoba 2011. Shambulio la kambi ya Wakenya El Adde, Somalia, lilikuwa 15 Januari 2016, na sharti langu la Semuliki ni hilohilo huko.

Simu

Siku hizi kusubiri kunakaa ndani ya simu, na waandishi wengi hawaitumii simu hiyo ipasavyo. Tiki moja ya kijivu kwa siku tatu inatosha sura nzima. Tumia saa pia: mashariki mwa Kongo wako saa moja nyuma yetu, Afrika ya Kati saa mbili. Mwanamke akiona saa tano usiku kwake anahesabu kwamba kule Berberati ni saa tatu, bado hajalala, basi kwa nini hapigi? Mwache ahesabu. Mwache aandike ujumbe mrefu, aufute, atume “umekula?”

Mikono yake

Kuna wasomaji wanaotaka komando mkali, anayemvuta mwanamke mkono, anayefoka, anayevunja mlango kwa wivu. Nimeombwa mara nyingi na jibu langu ni lilelile. Mtu aliyefundishwa kuua kwa mikono anavutia kwa sababu mikono hiyo akiwa ndani ya nyumba yake ni salama kabisa. Ukimfanya amshike mwanamke kwa nguvu hata mara moja, umemgeuza kuwa mtu wa kukimbiwa, na wake wanaokimbia watu wa namna hiyo wapo tunaowajua kwa majina. Mwandike akichambua mchele. Mwandike akimfungulia mtoto vifundo vya kamba za viatu. Akikasirika, atoke nje, apasue kuni, arudi aseme samahani kwa sauti ya kawaida.

Ana kidonda pia, na kidonda hakiponi kwa harusi. Usikiandike kwa ndoto za mabomu, zimeshaandikwa mno. Kiandike kwa embe. Msimu wa Desemba, usiku, embe bivu likianguka juu ya bati, mwanaume ameshasimama sakafuni, mgongo ukutani, kabla mkewe hajafumbua macho. Mke anajua asimguse. Anasema kwa sauti ya chini, “Embe, Baba Nasri. Ni embe.” Asubuhi ndugu watasema amerogwa, kaka atasema apelekwe kwa mtaalamu Tanga, na mama mkwe atalaumu ndoa. Waache waseme, ndivyo nyumba zetu zilivyo. Lakini mahali fulani kwenye hadithi mpe daktari. Hospitali ya Jeshi Lugalo ipo. Sajenti wake wa zamani anaweza kumsindikiza na kukaa naye kwenye benchi. Penzi la mkewe limwezeshe kwenda, lisijifanye ndilo dawa.

Mwanamke naye

Ukimaliza kumjenga komando, rudi uhesabu kurasa ambazo mwanamke anafanya jambo lisilomhusu mwanaume. Zikiwa chache, hadithi haijakamilika. Wake za wanajeshi ninaowajua ni wahasibu wa vikoba, walimu, mafundi cherehani wenye oda za sare za shule hadi Januari. Wanajenga lile boma mume akiwa misheni; wao ndio wanaogombana na fundi aliyekula hela ya saruji. Mwanamke wako lazima aulizwe, na ajibu kwa maneno yake, kama maisha haya anayaweza. Mpe mwanaume mwingine wa kweli, mpole, anayelala nyumbani kila siku, ili uchaguzi wake uwe na uzito. Akimchagua komando, amchague akiwa anajua kuhusu balbu.

Wapi wakutane? Mimi siku hizi napenda treni. Tangu Juni 2024 SGR inatoka Dar hadi Morogoro na inasimama Ngerengere, penye kambi ya jeshi. Mwanamume mwenye nywele fupi na begi moja la mgongoni amekaa siti ya pembeni, wamezungumza kuanzia Pugu juu ya bei ya vitunguu, na mwanamke anadhani wana safari nzima mbele yao. Kisha treni inapunguza mwendo Ngerengere na yule mtu anasimama. Hasemi kazi yake. Wala mwanamke hana haja ya kuuliza.

Mwisho wa hadithi arudi. Hili nalishika kwa moyo wangu wote. Wanaosoma mapenzi ya wanajeshi wengi wana mtu wao mbali, na wamekuja kwangu kupata usiku mmoja wa kuamini. Ila kurudi kwenyewe usikuandike uwanja wa ndege kwenye bendi na waandishi wa habari. Pale bado ni mali ya jeshi. Andika siku ya tatu, anapochemsha chai asubuhi hajui sukari imehamishiwa kopo gani, na mtoto aliyezaliwa yeye akiwa mbali anamtazama kwa wasiwasi akiwa nyuma ya mama yake.

Ukishamaliza, kabla hujaweka hata sehemu ya kwanza hadharani, mtafute mke wa mwanajeshi akusomee, umlipe kwa muda wake. Usimuulize kama hadithi ni tamu, atakujibu ni tamu kwa adabu. Mwombe aweke alama ya kalamu kila mahali aliposema moyoni “huyu hafanyi hivyo”. Alama zikifika, kaa nazo moja moja, na kila iliyo kwenye maneno ya mwanaume, futa maneno yote na umpe kitu cha kufanya kwa mikono.